Joto la kaskazi na fangasi wa ngozi: kuwatambua, kuwatibu na kuwazuia wasirudi

Kuanzia Desemba mpaka Machi, kaskazi inapovuma, Dar es Salaam hatuchomwi na jua tu. Hewa yenyewe ina maji. Shati ulilovaa saa kumi na mbili asubuhi, ukishuka kwenye daladala saa mbili limeshanata mgongoni. Ndiyo miezi ambayo wateja wa duka la dawa ninalofanyia kazi huzungumza kwa sauti ya chini. Mtu anajifanya anaangalia sabuni, anasubiri wenzake waondoke, halafu anasogea: "Dokta, nina muwasho. Huku." Mimi ni mfamasia, si daktari, lakini kwetu aliye nyuma ya kaunta ya dawa huitwa hivyo.

Mara nyingi ni fangasi. Na mara nyingi mwenye nao ameshajitibu mara mbili au tatu kabla ya kufika kwangu.

Naandika haya kwa sababu fangasi wengi wa ngozi wanatibika kwa dawa ya bei ndogo inayopatikana hata duka la dawa muhimu la kijijini. Nimeona watu wakiteseka miaka mitatu kwa ugonjwa wa kumalizwa kwa mwezi mmoja. Walipaka dawa isiyo yake, au walipata iliyo yake wakaiacha njiani.

Hatua ya 1: Tazama vizuri, tena kwenye mwanga

Usitibu kitu ulichokigusa gizani tu. Chukua kioo kidogo, simama dirishani, angalia umbo, ukingo na mahali.

Choa, ambacho wengine hukiita mashilingi, huanza kama kipele kimoja kinachowasha, kisha kinatanuka kwa duara. Cha kukitambulisha ni ukingo: umeinuka kidogo, una magamba, wakati mwingine vipele vidogovidogo, na katikati ngozi inaonekana kama imeanza kupona. Kwenye ngozi yetu nyeusi usitegemee kuona wekundu unaotajwa kwenye maelezo mengi. Utaona weusi uliokolea, ukahawia au kijivu. Fangasi wa choa hula keratini, ile protini ngumu iliyo kwenye tabaka la juu la ngozi, nywele na kucha. Kinga ya mwili ikiwashinda katikati, wanasonga mbele pembeni. Ndiyo maana ya duara.

Fangasi wa kinenani ni haohao waliohamia kwenye joto zaidi. Huanzia kwenye mkunjo wa paja na kushuka kwa ndani, ukingo ukionekana kama mpaka wa ramani. Madereva wa bodaboda, walinzi, askari na yeyote anayekaa kutwa juu ya kiti cha plastiki wanawajua vizuri.

Wa miguuni hupenda nafasi kati ya kidole cha nne na cha mwisho. Ngozi inakuwa nyeupe, laini, kama mtu aliyeloweka miguu, kisha inachanika na kunuka. Wengine hawapati mpasuko. Nyayo zinakauka tu na kutoa unga, nao wanadhani ni ukavu wa kawaida.

Utangotango ni kitu kingine. Madoa mengi madogo, mepesi au meusi kuliko ngozi yako, kifuani, mgongoni, shingoni, mabegani. Ukikwangua doa taratibu kwa ukucha linatoa unga mwembamba. Husababishwa na hamira za Malassezia, aina ya fangasi wadogo ambao binadamu karibu wote tunao kwenye ngozi. Joto, jasho na mafuta huzipa nafasi ya kuzidi. Hauambukizi. Hapa nasema kwa msisitizo kwa sababu nimeona dada mmoja akitengwa kitanda na wenzake bwenini kwa ajili ya utangotango, na hapakuwa na sababu yoyote.

Kwenye mikunjo iliyofungana, yaani chini ya matiti, chini ya tumbo lililoning'inia, makwapani, au kwa mtoto anayeshinda na nepi, huja kandida, hamira ya aina nyingine. Ngozi inachubuka, inang'aa kwa unyevu, inachoma zaidi ya kuwasha, na nje ya eneo kubwa kuna vipele vidogo vimetawanyika. Mtu mzima anayepata hali hii mara kwa mara apime sukari. Zaidi ya mteja mmoja nimemtuma zahanati kwa ajili ya mchubuko wa chini ya matiti akarudi na majibu ya kisukari.

Mapunye ya watoto na kucha nitavieleza peke yake, kwa sababu krimu haiviwezi.

Hatua ya 2: Hakikisha si kitu kingine

Harara huja haraka, vipele vidogo vingi vinavyochomachoma, na hupungua ukikaa penye upepo. Haina duara wala magamba. Upele halisi, ule wa wadudu, huwasha sana usiku, hukaa kati ya vidole vya mikono, viganjani, kiunoni, na mara nyingi nyumba nzima inajikuna. Pumu ya ngozi hupenda mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, pande zote mbili, na mwenye nayo kwa kawaida anayo tangu utotoni.

Lipo moja ambalo usilipite. Ukiwa na baka lililofifia rangi, lisilowasha, chukua kipande cha pamba, kisokote ncha, fumba macho, mwombe mtu aliguse baka hilo na ngozi ya pembeni yake. Kama kwenye baka huhisi, au unahisi kidogo, acha krimu na nenda kituo cha afya upimwe ukoma. Bado upo, unatibika, na dawa zake hutolewa bure. Mtu akipoteza mwaka mzima akipaka dawa ya fangasi juu ya ukoma, mishipa ya fahamu inaharibika na haitarudi.

Hatua ya 3: Soma tyubu kabla ya kulipa

Hapa ndipo penye shida kubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kijana wa bodaboda alikuja Januari mmoja na picha kwenye simu. Kinena chote, mapaja, mpaka nusu ya makalio. Hakukuwa na duara tena, ni weusi tu uliotapakaa, na kwa ndani ngozi ilikuwa na mistari kama ya mwanamke aliyetoka kujifungua. Alikuwa anatumia krimu ya mchanganyiko kwa miezi minane. "Ile inakata muwasho siku hiyohiyo, dokta. Tatizo nikiacha inarudi na hasira."

Krimu za mchanganyiko zina vitu viwili au vitatu ndani ya tyubu moja: dawa ya kuua fangasi, mara nyingine dawa ya bakteria, na steroidi. Steroidi ndiyo inayokata muwasho. Kazi yake ni kunyamazisha kinga ya ngozi. Kinga ikinyamaza, mwako unapoa na mgonjwa anafurahi, huku fangasi wanatanuka bila kuzuiwa. Umbo linapotea hadi hata mhudumu wa afya hawezi kulitambua kwa macho. Ikitumika kwa muda mrefu kinenani, ngozi inakuwa nyembamba na kupata mistari ambayo haifutiki. Yule kijana anayo hadi leo.

Geuza tyubu, soma maandishi madogo yanayoorodhesha dawa zilizomo. Ukiona klobetasoli (clobetasol), betametasoni (betamethasone), flusinoloni (fluocinolone) au mometasoni (mometasone), hiyo ina steroidi. Usiinunue kwa ajili ya fangasi kwa kujiamulia. Unachotaka ni tyubu yenye jina moja tu la dawa: klotrimazoli (clotrimazole) 1%, mikonazoli (miconazole) 2% au tabinafini (terbinafine) 1%. Niliyoyaweka kwenye mabano ndiyo maandishi utakayoyakuta kwenye boksi.

Mkorogo nao una hatari hiyohiyo. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina steroidi kali, hata kama haikuandikwa. Anayejipaka mwili mzima kila siku anawatengenezea fangasi shamba, na hakuna dawa itakayomaliza kazi hadi aache.

Hili si letu peke yetu. Nchini India, ambako krimu za mchanganyiko zilitumika kiholela kwa miaka mingi, alienea fangasi ambaye mwaka 2020 alipewa jina la Trichophyton indotineae. Wengi wa aina yake hawasikii tabinafini, na sasa ameshaonekana nchi nyingi. Kila tyubu ya mchanganyiko tunayouza bila sababu inatusogeza huko.

Usiweke maji ya betri, mafuta ya taa, petroli wala dawa ya kufulia. Kitunguu saumu kilichopondwa, watu wanakiamini sana, lakini kikifungwa juu ya ngozi huunguza hadi malengelenge. Kuoga maji ya mwarobaini sina ugomvi nako, mradi usiyafanye maji hayo kuwa dawa pekee. Na usikwangue kwa jiwe au wembe kabla ya kupaka. Unafungua mlango wa bakteria.

Hatua ya 4: Paka kama inavyopaswa

Oga kwa sabuni ya kawaida isiyo kali. Kausha kwa taulo safi kwa kugandamiza, si kusugua. Kisha subiri dakika tano hadi kumi ngozi ikauke kabisa, ukiwa umekaa mbele ya feni kama unayo. Kupaka krimu juu ya ngozi yenye maji ni kuwafunika fangasi kwa unyevu wanaoupenda.

Anza kupaka nje ya ugonjwa. Weka dawa kwenye ngozi isiyougua, kama sentimita mbili kupita ukingo, kisha ingia ndani kuelekea katikati. Fangasi walio hai zaidi wako ukingoni na wametangulia mbele ya pale unapoona. Watu wengi hupaka katikati ya duara, mahali ambapo wameshahama. Ukimaliza, nawa mikono.

Klotrimazoli na mikonazoli hupakwa mara mbili kwa siku, na unaendelea kwa wiki 2 baada ya ngozi kuonekana imepona. Kwa jumla ni wiki 3 hadi 6. Tabinafini ya kupaka ni mara moja au mbili kwa siku, na kwa kawaida wiki 1 hadi 2 zinatosha. Ni ghali kidogo, lakini ukipiga hesabu ya tyubu mara nyingine inakuwa nafuu.

Tupige hesabu hiyo. Krimu inayotoka kwenye tyubu kufunika pingili ya mwisho ya kidole cha shahada cha mtu mzima ni kama nusu gramu, nayo inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Kama kinena chako kina ukubwa wa viganja vinne, unatumia gramu moja kila ukipaka, gramu mbili kwa siku. Tyubu ya gramu 20 inakwisha siku ya kumi. Muwasho ulishatulia siku ya tano. Mtu anaangalia tyubu tupu, anaangalia ngozi, anaona imetosha. Wengi huacha dawa kwa sababu tyubu imekwisha, si kwa sababu wamepona. Siku hizi mteja mwenye eneo kubwa namwambia mapema kwamba atahitaji tyubu tatu au nne, hata kama atanunua moja leo na nyingine wiki ijayo.

Kama pesa ni ngumu na choa kiko mkononi, mguuni au mgongoni, uliza marhamu ya Whitfield, yenye asidi ya benzoiki 6% na ya salisiliki 3%. Ilitungwa na daktari Mwingereza mwanzoni mwa karne ya 20 na bado inafanya kazi. Inanata na inachoma, kwa hiyo usiipake usoni, kinenani, wala kwenye ngozi iliyochanika.

Mama mjamzito anaweza kutumia klotrimazoli ya kupaka. Vidonge vya fangasi asivimeze bila daktari.

Hatua ya 5: Utangotango, mapunye na kucha

Utangotango ukiwa mgongo mzima, krimu ni kupoteza pesa. Tumia shampuu ya ketokonazoli 2%. Lowesha ngozi, paka kuanzia shingoni mpaka kiunoni na mikononi, acha dakika 5, suuza. Mara moja kwa siku, siku 5. Shampuu ya seleniamu salfaidi 2.5% nayo inafaa, dakika 10 kwa siku 7, ila mjamzito aiache. Baada ya hapo madoa yatabaki kwa miezi kadhaa hata kama hamira zimekufa, kwa kuwa rangi ya ngozi hurudi polepole. Kipimo chako ni unga: ukikwangua na hakuna unga, umepona, usianze tena. Anayepata kila mwaka anaweza kujipaka siku 3 mwishoni mwa Novemba, kabla joto halijakolea.

Usimeze vidonge vya ketokonazoli kwa ajili ya haya. Mwaka 2013, kwa sababu ya madhara kwenye ini, mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza visimamishwe kuuzwa, na ya Marekani ikasema visitumike kwa fangasi wa ngozi na kucha. Ukiuziwa, kataa.

Mapunye humkamata mtoto wa umri wa shule: mabaka yenye magamba kichwani, nywele zimekatika karibu na ngozi, mara nyingine tezi zimevimba nyuma ya shingo. Fangasi wako ndani ya unywele, chini kabisa, krimu haiwafikii. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, griseofulvini au tabinafini, kwa dozi inayopimwa kwa uzito wake. Griseofulvini huchukua wiki 6 hadi 8 au zaidi, na hufyonzwa vizuri ikinywewa na chakula chenye mafuta; mpe baada ya uji wenye maziwa au karanga. Ndugu zake waoshwe kwa shampuu ya ketokonazoli mara mbili kwa wiki, maana mtu anaweza kubeba mbegu za fangasi bila dalili.

Ukiona uvimbe laini kichwani unaotoa usaha, usikubali upasuliwe kama jipu kabla ya kuangaliwa na anayejua ngozi. Mara nyingi ni mapunye yaliyowaka, yanahitaji dawa ya kumeza, na yakicheleweshwa nywele za hapo hazioti tena.

Kucha zilizonenepa na kubadilika rangi zinahitaji vidonge vya tabinafini kwa miezi, wiki 6 za mikono na 12 za miguu, chini ya uangalizi wa daktari kwa sababu ya ini. Ukucha wa dole gumba la mguu huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kuota upya. Kama haukusumbui na huna kisukari, una haki ya kuuacha.

Hatua ya 6: Wanyime unyevu

Kama una fangasi wa miguuni na kinenani kwa pamoja, vaa soksi kwanza kabla ya nguo ya ndani. Ukitanguliza chupi, mguu unaipitia na kupandisha fangasi juu. Wapo waliopona kinena mara tano bila kugusa miguu, wakashangaa ugonjwa unatoka wapi. Tibu sehemu zote mbili siku moja, na miguu iwe na taulo yake.

Anayetawadha mara tano kwa siku anapitisha maji kati ya vidole mara tano. Awe na kitambaa kidogo cha pamba mfukoni, akaushe kila nafasi kabla ya kurudisha soksi. Nimemwambia hivyo fundi cherehani mmoja jirani yetu, mzee wangu kwa umri, na kitambaa kile kimemsaidia kuliko tyubu alizonunua kwangu.

Viatu vya kufunika viwe jozi mbili, moja ikivaliwa nyingine ianikwe siku nzima. Viatu vya mitumba vifutwe kwa spiriti ndani, vianikwe juani siku mbili tatu kabla ya kuvaa. Bafu la kuchangia, la bwenini au la nyumba ya kupanga, ingia na ndala zako. Nguo za ndani ziwe za pamba, zibadilishwe kila siku na zaidi siku ya jasho jingi, zifuliwe kwa maji ya moto, zianikwe juani na si nyuma ya mlango, kisha zipigwe pasi. Kanga ya kujifutia nayo, kila mtu awe na yake. Ile inayoning'inia bafuni ikitumiwa na familia nzima inagawa choa kimyakimya.

Kinyozi mwombe apige mswaki mashine, atoe nywele zote, ndipo apake spiriti. Spiriti juu ya nywele zilizobaki haisaidii. Na paka au mbwa mwenye mabaka yasiyo na manyoya, au ndama mwenye maganda ya kijivu usoni, anaweza kukuambukiza wewe na wanao.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Nenda kama umepaka dawa sahihi wiki 4 bila nafuu, kama ugonjwa umesambaa sehemu nyingi, kama ni kichwani au usoni, au kama una kisukari, VVU au unatumia dawa zinazopunguza kinga. Nenda siku hiyohiyo kama mguu umevimba, una moto, unauma, au una homa. Bakteria wameingia kupitia ile mipasuko ya vidole.

Omba wakukwangue magamba ya ukingoni yaangaliwe kwa darubini. Ni kipimo rahisi na kinamaliza ubishi. Hospitali nyingi za mikoa zina tabibu wa ngozi. Chuo cha magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha tangu miaka ya 1990. Beba tyubu zote ulizopaka, hata zilizokwisha, na kopo la mkorogo kama unatumia, uziweke mezani mbele ya tabibu.